Ikalie Mikono Yako

Saa saba mchana jengo la mafundi wa umeme halina adabu. Redio kumi na tano zinajaribiwa kwa mpigo mmoja, wachuuzi wanaita, feni zinazungusha joto lilelile, na mtu akikukanyaga haombi radhi kwa kuwa hajakusikia ukilia. Humo aliingia dada wa mapokezi wa kliniki ya macho, amekumbatia kipaza sauti cha kuwaitia wagonjwa ambacho kilikuwa kimekata roho asubuhi hiyo katikati ya jina la mzee mmoja. Alivaa sare ya kliniki, gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na miguuni viatu vyekundu vyenye visigino ambavyo havikuwa sehemu ya sare. Alikuwa ameshaonywa mara tatu.

Navitaja viatu hivyo makusudi. Mtu anayeonywa mara tatu na bado akaja navyo mara ya nne, afadhali umjue mapema.

Meza zote zilikuwa na foleni isipokuwa ya mwisho. Fundi wake alikuwa na miaka thelathini na kitu, shati lake la mikono mifupi limejaa vitundu vya cheche, na usoni amejifunga mkanda wenye lenzi mbili nene. Jengo zima walimwita Miwani.

"Karibu, dada. Kimepatwa na nini?"

"Kimekufa. Lakini kabla hatujafika huko, hiyo miwani alikupimia nani?"

"Sikupimwa. Nilinunua tu."

"Basi njoo kliniki kwetu. Unavyoniangalia, utadhani mimi sisimizi."

Miwani akazipandisha lenzi juu ya paji la uso, akamwona vizuri aliyesimama mbele yake, na akasahau alichotaka kujibu. Dada wa mapokezi naye alikuwa ameshaacha kumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye sanduku la mbao lililokaa pembeni ya meza, dogo kama la viatu, lenye vitufe vinane vya kuzungusha.

"Na hili? Lina kazi gani?"

"Halina kazi. Linalia tu. Ni sinthesaiza. Kinanda kisicho na vibao, tuseme. Umeme unatikisika humo ndani, na ukitikisika inavyotakiwa, unakuwa sauti. Zungusha hicho cha kwanza."

Akanyoosha mkono, kisha akaurudisha haraka kama aliyeungua. "Nitavunja."

"Utavunja nini?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa. Kwao walimwita Vunjajungu. Akiwa na miaka sita aliangusha chungu cha bibi, akiwa na saba akaangusha sahani tatu kwa siku moja, na tangu hapo shangazi aliyemlea hakumwachia kitu. Akishika bilauri, "Lete, utavunja." Akishika sindano, "Lete, utajichoma." Bilauri nzuri za shangazi zilifungiwa kabatini na ufunguo ukakaa kwenye mkoba. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anayeita wagonjwa mia kwa siku bila kukosea jina hata moja, nyumbani haruhusiwi kubeba sinia. Mimi jambo hilo linaniudhi mpaka leo.

Akazungusha. Sauti ikaanza chini kabisa, nzito, misumari iliyokuwa mezani ikatetemeka. Akaongeza kidogo, ikapanda. Akagusa kitufe cha pili, ikafunguka kama mtu aliyeanza kupiga mwayo akaishia kucheka. Na yeye akacheka, kwa nguvu, hadi fundi wa meza ya jirani akageuka.

"Ulilinunua wapi?"

"Nililitengeneza. Vipande huja kwenye mfuko, mia na kitu, pamoja na karatasi ya maelekezo. Unalehemu kimoja kimoja."

"Mtu yeyote anaweza?"

"Yeyote mwenye mikono na subira."

"Subira ninayo. Mikono yangu ndiyo ina kesi."

"Basi iletee wakili," alisema Miwani, akavuta droo na kutoa mfuko uliofungwa bado.

Aliununua mchana uleule. Kipaza sauti cha kliniki alikisahau mezani, ikabidi Miwani akitengeneze na kukipeleka mwenyewe saa kumi, amechana nywele na kubadilisha shati.

*

Kuanzia siku hiyo, kila jioni akitoka kazini, dada wa mapokezi alikaa upande wa pili wa meza ya mwisho. Aliungua vidole vinne kati ya kumi. Alilehemu kipande kichwa chini, akakitoa, akakirudisha. Alijifunza kwamba kila rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza nguvu ya umeme, ina mistari ya rangi na kila rangi ni tarakimu, akawa anaikariri kazini, "kahawia, nyeusi, nyekundu," hadi siku moja akamwita mgonjwa mbele ya ukumbi mzima, "Bwana Kahawia, chumba namba mbili."

Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile. Harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka, moshi mwembamba, kile kitone cha fedha kinachokimbia kuzunguka mguu wa kipande na kuganda. Kilipoganda, kilibaki hapo. Hakikuanguka. Kitu alichokishika yeye kilikuwa kimeshikamana na kitu kingine, na hakuna aliyesema lete.

Viungo vyake vya risasi vilikuwa vinene, vimevimba kama matone ya mshumaa. Vya Miwani vilikuwa vidogo, vinang'aa, vyote sawa.

"Vyangu vibaya," alisema.

"Vinapitisha umeme?"

"Vinapitisha."

"Umeme haujali sura. Na ukikwama, usimuulize fundi. Iulize saketi, hiyo njia yenyewe ya umeme. Iwashe, chukua kijiti cha kuchokolea meno, bonyeza kipande kimoja kimoja. Chenye kosa kitaguna."

"Na wewe nikikubonyeza, unaguna?"

"Jaribu," alisema Miwani, na masikio yakamwiva.

Simu zikaanza. Za asubuhi, za mchana, za jioni.

"Mapokezi ya kliniki ya macho, nikusaidie nini?"

"Sioni vizuri, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke jana saa moja."

"Hiyo haina dawa, kipenzi. Meza kijiko kimoja cha subira, uje jioni."

"Jioni nakuja wapi na wewe ndiye unayekuja?"

"Basi nisubiri, roho yangu. Na usiguse sanduku langu."

Hayo ndiyo maneno aliyosema: usiguse sanduku langu. Miwani alicheka akasema sawa.

*

Nyumbani habari zilipokelewa vibaya. Shangazi, mwanamke mnene wa khanga safi na sauti ya kufungia mjadala, aliweka kikombe chini. "Mtu mzima unachezea nyaya! Utaichoma nyumba."

Kaka mkubwa wa Vunjajungu alikuwa dereva wa kreni. Alikuwa akiinua tani tano kwa kidole na hakuwahi kuangusha hata tofali, jambo ambalo watu wa nyumba hiyo walikumbushwa kila mlo. "Vunjajungu kutengeneza kitu? Likilia hilo sanduku, nitavaa hivyo viatu vyako vyekundu, nizunguke navyo sebuleni."

"Umesema."

"Nimesema, na shangazi shahidi."

"Jumapili ijayo basi. Mchana. Kaeni hapahapa."

Alimsimulia Miwani kila neno, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Siku ya Jumamosi sanduku lilikuwa limekamilika. Dada wa mapokezi alikuwa zamu kliniki mpaka jioni, na sanduku lilikuwa mezani kwa Miwani. Nitawaambia alichofanya Miwani, maana yeye hakusema. Aliliwasha. Likakaa kimya. Akafungua kifuniko, akashusha lenzi, na kabla hajahesabu hadi tano akaliona kosa: transista moja ndogo, kipande chenye miguu mitatu, ilikuwa imegeuzwa, mgongo mahali pa tumbo. Akamfikiria shangazi. Akamfikiria kaka na kicheko chake. Akamfikiria na yule mwanamke aliyempenda. Akashika chuma cha kulehemu, akaitoa transista, akaigeuza, akairudisha. Dakika tatu. Likalia. Akafunga kifuniko.

Jumapili, dada wa mapokezi alivaa gauni la njano lenye mikono mipana na viatu vyake. Miwani aliketi kwenye kochi karibu na mlango, amevaa shati jeupe lisilo na tundu hata moja. Swichi ikabonyezwa, na sanduku likalia hadi madirisha yakaitikia. Shangazi alishika kifua. Kaka macho yalimtoka pima. Kisha, kwa haki ya Mungu, akainama kuvua viatu vyake ili avae vile vyekundu.

"Subirini kwanza," alisema dada yake huku uso umewaka. "Muone na ndani. Muone kazi ya mikono yangu."

Akafungua kifuniko. Akaanza kuwaonyesha, hiki na hiki na hiki, matone yake manene aliyoyajua kama mama anavyojua meno ya mtoto. Kidole kikasimama. Katikati ya uvimbe wote ule palikuwa na viungo vitatu vidogo, vinang'aa, vyote sawa.

Kisha akainua macho, si kwa shangazi wala kwa kaka.

"Huu mkono si wangu."

Miwani akajibu: "Ilikuwa transista moja tu, mpenzi. Imegeuka. Sikutaka uaibike."

"Kaka," alisema, "vaa viatu vyako. Hujashindwa. Sanduku hili halikulia kwa mkono wangu." Akalifunga, akaingia chumbani, na mlango ukasema yaliyobaki.

*

Simu ya kwanza ya Miwani ilipokelewa siku ya tatu.

"Nisikilize, laazizi."

"Nakusikiliza."

"Nilifanya kwa mapenzi."

"Shangazi naye ananipokonya bilauri kwa mapenzi. Miaka ishirini na tatu naambiwa lete, utavunja. Wewe hata hukuniambia lete. Ulichukua."

"Wangekucheka!"

"Wangenicheka! Mimi ningefungua pale mbele yao, nikatafuta, nikakosa, nikatafuta tena. Aibu ilikuwa yangu, Miwani. Umeniibia aibu yangu, na kilichokuwa nyuma yake umekiiba pia."

"Basi rudi, tutengeneze jingine pamoja."

"Jingine nalitengeneza. Hilo la pamoja ndilo silijui."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Siku iliyofuata aliingia kwenye jengo la mafundi, akapita mbele ya meza ya mwisho visigino vikigonga sakafu, akanunua mfuko mpya meza ya tatu, akapita tena akirudi. Hakuwa na haja ya kupita mara mbili. Mlango wa kutokea ulikuwa upande mwingine, na yeye alijua hilo na Miwani alijua.

Alinunua na chuma chake cha kulehemu. Chumbani kwake akasogeza kitanda, akaweka meza dirishani, akafunga mlango kwa ufunguo. Shangazi aligonga. "Unafanya nini humo?"

"Navunja vitu, shangazi."

Wiki sita. Alimkumbuka Miwani, tena sana, na alipomkumbuka alilehemu vibaya zaidi. Na hakuliwasha sanduku hata mara moja. Alikuwa amekula kiapo: litawashwa mara ya kwanza mbele ya wote, ili asitokee mtu wa kusema kuna mkono mwingine. Kama litakuwa bubu, liwe bubu hadharani.

Wiki ya sita simu ya kliniki ililia.

"Mapokezi, nikusaidie nini?"

"Usikate." Sauti ya Miwani ilikuwa imekauka. "Sina ombi, nina habari tu. Sanduku langu la kwanza lilikaa kimya miezi minne. Mjomba aliyenifundisha aliliona kosa siku ya kwanza, akanyamaza. Miezi minne, ananiangalia nalia. Nilimchukia. Siku lilipolia nilikimbia nalo barabarani bila viatu. Nilikuwa nimeisahau miezi ile minne, nikabaki naikumbuka ile siku moja tu. Wewe nilikunyima yote. Basi, ni hilo tu."

Wagonjwa watano walikuwa wamesimama mbele ya dirisha. Akawaacha wasimame.

"Mjomba wako alikaa vipi asiguse?"

"Alikuwa anaikalia mikono yake. Kweli kabisa. Anaweka viganja chini ya mapaja."

"Jumapili hii, saa nane," alisema. "Utakuja kama mgeni. Na utakaa hivyohivyo."

*

Jumapili ikafika. Gauni lilelile la njano, sasa lina tundu dogo la cheche kwenye mkono, ambalo hakulishona. Shangazi kwenye kiti chake. Kaka kwenye kiti chake, ameshaanza kutabasamu. Miwani kwenye kochi la mlangoni, viganja chini ya mapaja, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Sijaliwasha hata siku moja," alisema dada wa mapokezi. "Mbivu na mbichi tutazijua hapa."

Akabonyeza swichi. Taa nyekundu ikawaka. Sauti hakuna.

Kaka akaangua kicheko cha kreni nzima. Shangazi akatikisa kichwa, kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko. "Haya, mwanangu, umejaribu. Fundi si huyu hapa? Lete, aliangalie—"

"Fundi ni mgeni leo, shangazi."

Akafungua kifuniko. Kijasho kilimtoka puani, na mbele yake palikuwa na viungo mia mbili na kitu, vyote vibaya, vyote vyake. Akatoa kijiti cha kuchokolea meno. Akaanza pembeni, kipande kimoja kimoja, akibonyeza na kusikiliza.

Dakika kumi. Kaka akaacha kucheka kwa kuwa hakuna aliyecheka naye. Dakika ishirini. Shangazi akaanza kusema kitu, akakiacha. Kwenye kochi, Miwani alikuwa ameshaliona kosa. Pale alipoketi, hatua moja tu kutoka mezani, bila lenzi, aliona rezista ya safu ya tatu ambayo mguu wake mmoja ulikuwa umesimama ndani ya tone la risasi bila kushikwa nalo. Jasho likamtiririka shingoni. Akaukalia mkono wa kulia kwa uzito wake wote. Akatazama dari, maana aliogopa kwamba macho yake yangeonyesha njia. Sijui mapenzi mengine yanapimwaje, lakini yale yalipimwa pale kochini.

Dakika ya thelathini na tano, kijiti kikagusa rezista ya safu ya tatu. Spika ikaguna.

Akainua kijiti. Kimya. Akabonyeza. Ikaguna.

"Wewe," aliliambia sanduku kwa sauti ndogo. "Kumbe ni wewe."

Chuma cha kulehemu kilikuwa tayari kina moto. Uzi wa moshi ukapanda, tone likayeyuka, likaukumbatia mguu, likaganda, nene, baya, imara. Akazungusha kitufe cha kwanza. Sauti ikatoka chini kabisa, ikapanda miguu ya viti, ikafunguka, ikajaa nyumba. Hakucheka. Alilia waziwazi, kamasi na yote, huku mkono mmoja ukizungusha na mwingine umeshika meza, na hakujifuta.

"Kaka," alisema baadaye, "viatu hivi hapa."

Na yule mwinua tani tano akavivaa vile vyekundu, visigino vyake vikining'inia nyuma, akazunguka sebule mara moja, mara mbili, ameshikilia kuta. Shangazi alicheka mpaka khanga ikamwanguka.

"Nimeruhusiwa kusimama?" aliuliza Miwani kutoka kochini.

"Ukisimama unataka kufanya nini?"

"Nina neno na shangazi yako."

Watu wazima wanajua kwamba neno la namna hiyo ni posa. Shangazi akamtazama kijana, akamtazama mtoto aliyemlea, akajitanda khanga vizuri.

"Kabla ya mimi, muulize mwenyewe," alisema. Kisha akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akaenda kabatini. Akapanga bilauri sita kwenye sinia, zile nzuri, ambazo mwanawe hajawahi kuzigusa. Akalinyanyua sinia na kumkabidhi. "Haya. Tumiminie juisi."

Alilibeba. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa peku, na machozi bado machoni. Kwenye ukingo wa zulia kidole kikajikwaa, na bilauri moja ikateleza, ikaenda chini, ikapasuka vipande kumi.

Shangazi akafungua mdomo, akaufumba. Kaka akasimama na visigino vyake, akaketi. Miwani alikuwa ameshanyanyuka nusu, mkono umekwishatangulia mbele. Akauona mkono wake. Akarudi kochini polepole, akaikalia mikono yote miwili.

Dada wa mapokezi akaweka sinia mezani, akapiga magoti, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja bila haraka. Hakuna aliyesema lete.

"Nimekubali," alisema akiwa palepale chini, bila kugeuka. "Lakini juisi mtangoja."